Paka Aliyezeeka Ana Haki Yake



Mwezi huu nawasimulia jambo lililotokea nyumbani kwangu, nalo si la kujivunia. Tulikuwa na paka aliyekaa nasi miaka 14. Alizaliwa chini ya kitanda cha marehemu mama yangu, watoto wakakua naye, na panya wakaihama nyumba kwa kumwogopa. Alipozeeka alianza kukonda, akawa anakunywa maji mengi na kukojoa ukumbini. Sisi wakubwa tukasema, "Ni uzee tu," tukawa twamfokea. Mwisho nikaamrisha atiwe kikapuni, akaachwe soko la samaki, kama wafanyavyo wengi.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, alipokuwa akiwinda panya alikuwa wetu. Leo hawezi, amekuwa wa nani?"

Sikuwa na jawabu. Nikaikumbuka Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie riziki. Nami nikajiuliza: huyu wangu meno yamekwisha na miguu haina nguvu; nikimtupa kati ya madume ya sokoni, je, nitakuwa nimemwachia ajitafutie, au nimemfunga kwa kamba nyingine?

Basi kikapu kile kile kikampeleka kwa daktari wa wanyama. Alimpima uzito, akamtazama kinywa, akatoa damu na mkojo akavipima. Akatwambia figo zimedhoofu. Maradhi hayo hayaponi kabisa, lakini yakijulikana mapema hupunguzwa makali yake kwa chakula kifaacho na dawa. "Laiti mngalimleta mapema," akasema, wala hakuongeza neno. Paka akaishi nasi miezi minane kwa raha, akafa juu ya mkeka wake.

Enyi vijana, jifunzeni kwa kosa langu. Paka ana tabia ya kuficha maumivu. Aonekanaye mtulivu huenda ni mgonjwa. Akifika miaka 10 hivi amekwisha ingia uzeeni, na yafaa apelekwe kwa daktari kila miezi 6, hata kama haonyeshi ugonjwa. Akila sana na huku akikonda, huenda ni tezi ya shingo. Akinywa maji kupita kiasi, huenda ni figo au kisukari. Akiacha kuruka au kujiramba manyoya, huenda viungo vyamuuma. Akigonga ukuta ghafula kama kipofu, yaweza kuwa shinikizo la damu. Huyo apelekwe siku hiyo hiyo. Na asiyekula siku nzima asingojewe.

Nyumbani mpimeni kila mwezi: simama juu ya mizani peke yako, kisha umpakate, utoe hesabu. Mpeni maji safi, mahali laini pa kulala, na sanduku la mchanga lenye ukingo mfupi. Wala msimpe dawa za binadamu za maumivu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua.

Ama wanaosema paka ni najisi, nawakumbushe Abu Qatada (Radhi za Mungu ziwe juu yake). Alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa, akaeleza kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) amesema si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Mkojo wake ni najisi, nao huoshwa. Lakini taabu ya kuosha haiifuti haki yake.

Kiumbe aliyetutumikia katika nguvu zake ametuachia deni katika udhaifu wake. Nasi pia twaelekea uzeeni, na watoto wetu watutazama jinsi tuwatendeavyo wanyonge.

Wabillahi tawfiq.