Barua ya RAV4 Yako Imeishia Japani

Haya wadau, leo tuache siasa kidogo, tuongee magari. Swali la kizushi: wewe mwenye RAV4 au Vanguard hapa Mpanda, umewahi kupata barua inayokuomba upeleke gari lako likatengenezwe bure? Hujapata na wala hutapata. Barua iliandikwa, ila ilikwenda kwa mtu aliyekuwa na gari hilo kabla yako, huko huko Japani.

Ngoja nieleze. Februari 2016 Toyota ilitangaza kuyaita magari takriban milioni 2.87 dunia nzima. Yalikuwa RAV4 za kizazi kilichoanza 2005, pamoja na ndugu yake Vanguard. Kosa halikuwa kwenye injini wala giaboksi. Lilikuwa kwenye siti ya nyuma, pale mnapokaa wanne na mtoto juu ya mapaja. Ndani ya siti ile kuna fremu ya chuma, na gari likigonga kwa mbele kwa kasi kubwa, mkanda wa abiria unaweza kuigusa fremu hiyo ukakatika. Ndiyo, mkanda wenyewe unakatwa na siti! Toyota ilisema ilikuwa na taarifa za ajali mbili, moja Marekani na nyingine Canada, na ile ya Canada iliondoka na mtu. Na dawa yake? Kifuniko cha plastiki ngumu cha kufunika chuma hicho. Basi.

Sasa, kati ya magari hayo, kama 177,000 yalikuwa Japani. Na sisi tunanunua wapi? Kule mtengenezaji anamtafuta mwenye gari kwa kumbukumbu za usajili. Gari likiuzwa nje, usajili wake wa kule unafutwa. Linapandishwa meli, linashuka Dar, linakuja hadi huku zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini, na kila linapobadilisha mkono ndivyo ile barua inavyozidi kupotea. Aliyelinunua wa tatu pale Makanyagio kwa Toyota hayupo duniani.

Kuna lingine linalonikera zaidi kwa sababu linahusu gereji zetu. Mwaka 2012 huko Marekani Toyota iliita magari zaidi ya 770,000, karibu yote RAV4 za 2006 hadi 2011, kwa ajili ya mikono ya chini ya magurudumu ya nyuma. Fundi akishapanga magurudumu halafu asikaze nati sawasawa, nati inalegea, kutu inaingia kwenye nyuzi zake, na mwisho mkono unaweza kuachia kabisa. Mwaka uliofuata wakayaita tena, maana mengine hayakutengenezwa vizuri mara ya kwanza. Hao ni mafundi wa Marekani, wenye vifaa na maelekezo ya kiwanda mezani! Sisi tunapanga magurudumu kwa macho, kesho yake mtu anaelekea Karema kwenye mashimo au anapita Sitalike mvua inanyesha. Fundi wetu simlaumu hata kidogo. Nani alimwambia kwamba nati ile ina historia?

Zamani labda matope yalituokoa. Ukitoka hapa kwenda Tabora masika, gari lingekwenda kasi gani? Leo lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda ipo, kilomita zaidi ya 340, imezinduliwa 2022. Tuliisubiri kwa hamu na nashukuru. Lakini kasi imepanda, na kosa la mkanda linaonekana kwenye kasi.

Najua wapinzani wangu. Wa kwanza atasema: "Wewe mwandishi, nani anafunga mkanda wa nyuma Mpanda?" Wachache, kweli. Kwa hiyo yule mama mmoja anayemfunga mwanawe kama alivyoshauriwa ndiye apewe mkanda unaokatika? Wa pili, huyu muuza magari, atasema gari limekaguliwa na cheti lina. Sawa. Mkaguzi anaangalia breki, taa, matairi na uchakavu. Kosa la fremu halionekani kwa tochi, kwa sababu gari linaweza kuwa zima kabisa. Kosa liko kwenye mchoro wa kiwandani. Huligundui kwa kuinama chini ya gari, unaligundua kwa kulinganisha namba.

Na namba zipo, wadau! Hapo ndipo ninapokasirika. TRA wanayo namba ya chesisi ya kila gari linalosajiliwa nchini. Wana kikokotoo mtandaoni: unaweka aina ya gari na mwaka, kinakupa kodi yako mpaka na ushuru wa uchakavu kama gari ni kuukuu. Kuhesabu tunaweza, tena haraka sana, ilimradi pesa inaingia. Toyota nayo ina orodha ya chesisi zote ilizoziita. Kukutanisha orodha mbili hizo ni kazi ya kijana mmoja mwenye kompyuta. TBS iandike kwenye cheti cha ukaguzi: gari hili linadaiwa matengenezo ya kiwandani, au halidaiwi. Na mwagizaji asiruhusiwe kuliuza kabla deni hilo halijalipwa. Anayepata faida ndiye alipie kifuniko cha plastiki, siyo mwalimu wa Inyonga aliyekopa SACCOS.

Wakati tunawasubiri wakubwa, toa kadi ya gari lako sasa hivi. RAV4 ya Japani ya kizazi hicho namba ya chesisi huanza na ACA31 au ACA36, na Vanguard huanza na ACA33, ACA38 au GSA33. Siyo lazima lako liwe na kosa, ila linatoka kwenye familia hiyo. Tovuti ya Toyota Japani ina sehemu ya kuingiza namba ya chesisi na kuangalia kama gari lilirekebishwa. Ni ya Kijapani, ndiyo, tafuta programu ya kutafsiri. Halafu mwambie fundi ainue gari, aangalie nati za mikono ya nyuma, na kama zina kutu asizipake grisi akakurudishia funguo.