UCHAMBUZI: Vyungu vya Meksiko, fahari ya taifa inayobeba sumu ya risasi

Na Mwandishi Wetu

NI nadra mgeni kupita katika masoko ya Puebla, Oaxaca au Michoacán, nchini Meksiko, akaondoka mikono mitupu. Sahani zenye maua ya buluu, bakuli za kijani zinazometa na majagi yaliyochorwa ndege na samaki humvuta hata yule asiye na haja ya chombo kipya jikoni kwake.

Hata hivyo, nyuma ya mng'ao huo limejificha tatizo ambalo serikali ya nchi hiyo imelitungia kanuni mara kadhaa bila kulimaliza. Vyombo vingi vya asili hung'arishwa kwa madini ya risasi, na sumu hiyo huingia katika chakula.

Utafiti wa taifa wa afya na lishe wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa zaidi ya watoto milioni moja wa Meksiko, wenye umri wa mwaka 1 hadi 4, walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita. Matumizi ya vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi yalitajwa kuwa miongoni mwa sababu kuu.

Uzito wa takwimu hiyo unatokana na ukweli kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Sumu hiyo hudhoofisha ubongo wa mtoto unaokua na kumpunguzia uwezo wa kujifunza, na madhara hayo hayarudishwi nyuma. Kwa mama mjamzito, hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Urithi wa karne tano

Kabla ya kuja kwa Wahispania, wafinyanzi wa Meksiko walisugua vyungu kwa jiwe hadi vikang'aa, bila kuvipaka dawa yoyote. Ni wakoloni wa karne ya 16 walioleta gurudumu la kufinyangia, tanuri la Ulaya na oksidi ya risasi, ambayo wafinyanzi huiita greta.

Greta ilipendwa kwa sababu za msingi. Huyeyuka kwa joto dogo ambalo tanuri la kuni huweza kulifikia, hukifanya chombo kisivuje, na hukipa mng'ao wa kioo. Tatizo ni kwamba joto hilo mara nyingi halitoshi kuifunga risasi yote ndani ya mng'ao huo. Chombo kikitiwa ndimu, nyanya, siki, maji ya machungwa au mchuzi wa pilipili, uchachu huivuta risasi na kuiingiza katika chakula. Kadiri chakula kinavyopikwa au kukaa humo kwa muda mrefu, ndivyo sumu inavyoongezeka.

Katika nchi ambayo ndimu, nyanya na pilipili ni chakula cha kila siku, ni vigumu kufikiria mseto wa hatari zaidi ya huo.

Sheria zipo, mkono haufiki

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilianza kuweka viwango vya risasi inayotoka katika vyombo vya udongo mwaka 1971, na ikavikaza baadaye. Chombo cha mapambo kinachofanana na cha chakula hutakiwa kuwa na onyo la kudumu au kutobolewa tundu ili kisitumike mezani. Meksiko nayo ina kanuni zake, ikiwamo NOM-231 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2016, inayoweka ukomo wa risasi inayoweza kutoka katika chombo.

Lakini ukaguzi wa mpakani huyafikia makontena ya wafanyabiashara. Haufiki kirahisi katika sanduku la mtalii, wala katika soko la kijijini ambako mama wa kawaida hununua chungu cha maharage. FDA yenyewe imewahi kuonya kuwa baadhi ya vyombo kutoka Meksiko vilivyoandikwa kuwa havina risasi vilikutwa nayo.

Matokeo yake ni kwamba anayelindwa zaidi ni mnunuzi wa ng'ambo. Anayebaki na hatari ni mfinyanzi, ambaye mara nyingi huchanganya greta uani kwake, watoto wakicheza kando ya tanuri.

Mbadala upo. Mfuko wa taifa wa kazi za mikono (FONART), ulioanzishwa mwaka 1974, pamoja na shirika la Pure Earth la New York, wamekuwa wakiwafundisha wafinyanzi kutumia madini ya boroni, ambayo nayo huyeyuka kwa joto la tanuri la kuni. Kikwazo ni mazoea na soko. Rangi hubadilika, tanuri lililotumika kwa greta kwa miaka mingi huweza kuchafua vyombo vipya, na mnunuzi wa kijijini hayuko tayari kulipa zaidi kwa kitu asichokiona kwa macho.

Mkusanyaji afanye nini?

Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, lakini si vyote vya kutupwa. Mkusanyiko wa Nelson Rockefeller, ambao sehemu yake kubwa ipo katika jumba la makumbusho la sanaa la San Antonio, Texas, ni ushahidi kwamba vyombo hivi vina thamani hata visipowekwa chakula.

Kanuni ya kwanza ni kukihesabu chombo cha zamani, au kisichojulikana kilikotoka, kuwa pambo. Kitundikwe ukutani au kiwekwe kabatini. Kisipikiwe, kisihifadhiwe chakula, na kisipashwe moto. Kuchemsha au kuosha mara nyingi hakuondoi risasi.

Pili, vipimo vya nyumbani vinavyobadilika rangi visiaminiwe kupita kiasi. Kipimo kisipoonyesha risasi, hiyo si hakikisho. Kipimo cha uhakika ni cha maabara, ambako chombo hutiwa asidi ya siki kwa saa 24 na risasi iliyotoka hupimwa.

Tatu, jina kubwa si cheti cha usalama. Ufundi wa Talavera ya Puebla na Tlaxcala ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2019, lakini kuna bidhaa nyingi za kuiga. Vyombo vyeusi vya San Bartolo Coyotepec, Oaxaca, hung'arishwa kwa kusuguliwa, si kwa greta. Navyo zaidi ni vya mapambo.

Lipo jambo moja kubwa kuliko tahadhari hizo. Kususia vyungu vya Meksiko kutamnyima mkate mfinyanzi yuleyule anayeumia kwanza. Mnunuzi wa mjini anayeuliza kama chombo kimetengenezwa bila risasi, na akakubali kuongeza bei kidogo kwa jibu lenye ushahidi, hulipa soko sababu ya kubadilika ambayo kanuni pekee zimeshindwa kuitoa. Kinyume chake, sahani itakuwa salama ukutani ugenini, huku mtoto wa aliyeichora akiendelea kula sumu nyumbani.