Kura na Bei ya Unga

Mwezi Julai 2022, yapata majuma matatu kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Serikali ilitangaza kuwa pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100. Hata hivyo, mgombea aliyeungwa mkono na Rais aliyekuwa akiondoka alishindwa. Mwezi Septemba, Serikali mpya ikaiacha ruzuku hiyo.

Kwetu sisi funzo ni bayana. Mwananchi hupiga kura akiikumbuka sufuria yake, lakini nafuu ya majuma machache haimsahaulishi dhiki ya miaka. Twawasihi wapiga kura wamwulize kila mgombea: baada ya kura kuhesabiwa, unga utauzwa bei gani, na kwa mpango upi? Asiye na jibu hastahili kura.