Ushairi si Hesabu, Tamthilia si Hadithi



Yamezoeleka madarasani mwetu mafundisho ambayo, kwa maoni yangu, yanaua kile yanachodai kukikuza. Mwanafunzi akiulizwa shairi ni nini, hujibu kwa pumzi moja: beti, mishororo, vina na mizani. Akiulizwa tamthilia ni nini, husema ni hadithi iliyoandikwa kwa mazungumzo. Majibu yote mawili hupewa alama. Nami nasema kwamba hayatoshi, na mwalimu anayeyaridhia hajafundisha fasihi.

Tuanze na ushairi. Sheria zake sizikatai. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitufanyia hisani kubwa alipozitolea kitabu mwaka 1954, na kila mwalimu yampasa kujua kwamba mshororo wa shairi la kawaida hubeba mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Lakini mizani ni nini kama si sauti? Kwetu Uganda, mtoto aliyekua akisema "omuntu" hukutana na neno "mtu" akalipa mizani moja, kwa kuwa jicho lake limeona irabu moja. Hata ahesabu vidole vyote hatapata jawabu, mpaka asikie kwamba ile "m" ni silabi kamili, na neno lina mizani mbili. Mwalimu wa mizani ni sikio, nalo halifunzwi kwa kimya.

Isitoshe, hata tangazo la mnada laweza kupimwa mizani 16 na kutiwa vina, lisiwe shairi. Shairi hudai pia wazo zito, lugha ya mkato na picha inayomgusa msikilizaji. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akaviacha vina na mizani, yalizuka mabishano makali. Mwanafunzi aliyefunzwa kuhesabu tu atachangia nini katika mabishano hayo? Atasema "si shairi" au "ni shairi", bila hoja.

Tamthilia nayo tumeidhulumu zaidi. Uti wake wa mgongo ni mgogoro unaotendwa mbele ya hadhira. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969, yahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mhusika mkuu anafika mahali ambapo neno alilolitoa limemzidi nguvu. Akitakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa. Sisi twamwambia mwanafunzi: "Taja sifa tano za Kinjeketile." Msimamishe mwanafunzi huyo mbele ya wenzake, mwingine awe afisa wa Kijerumani, naye alazimike kukataa kwa kinywa chake. Hapo atajua uzito wa kukataa, na sifa atazitaja mwenyewe.

Najua nitakavyojibiwa: vitabu ni haba, madarasa yamefurika, na mtihani hauulizi uigizaji. Lakini onyesho moja laweza kunakiliwa ubaoni kutoka katika kitabu kimoja. Na zipo ngonjera, utanzu alioustawisha Mathias Mnyampala, ambamo ushairi na tamthilia hukutana: watu hubishana kwa beti hadi wapatane. Ngonjera haidai jukwaa wala mavazi. Hudai sauti na uwanja. Ama mtihani, mwanafunzi aliyeusikia mgogoro na kuutenda hashindwi kuueleza kwa kalamu.

Jambo hili si dogo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wetu wengi hawakukipata Kiswahili kwa mama zao, watakipata kwetu. Tukiwapa hesabu ya vina na orodha ya sifa, watafaulu, kisha watakitupa pamoja na daftari. Asiyejua maana, walisema wahenga, haambiwi maana. Basi tusiwe sisi wa kuwaficha maana hiyo. Mashairi na yaghaniwe, tamthilia na zichezwe, kisha ndipo tuhesabu.