Mchango wa Msikiti Si Hati ya Kummiliki Kijana

 

Ndugu Waislamu, kila yatokapo matokeo ya kidato cha sita husikika misikitini mwetu maneno yale yale: fulani atakuwa daktari, fulani mhandisi. Anayeamua ni baba, au ami, au kamati iliyochangisha ada. Kijana mwenyewe huulizwa mwisho, wakati jibu lake limekwisha kuandikwa. Akisema angependa kwanza ajitambue, huambiwa hizo ni fikra za kimagharibi.

Jambo hili tunalipinga, na tunaanza kwa kujilaumu wenyewe. Alikuwepo kijana katika madrasa yetu, hodari wa hesabu, ambaye kabla hajafika kidato cha nne alikuwa akiwaeleza wenzake mafungu ya mirathi. Alipofaulu, msikiti ulimchangia, akapelekwa kusomea udaktari. Nasi tulikuwa wa mbele kumwita "daktari wetu" hadharani. Mwaka wa pili alishindwa mitihani, asimwambie mtu. Likizo alirudi, akawa anaswali nyumbani, tukasema chuo kimemharibu. Kumbe alikuwa akituogopa sisi. Hakuweza kupita mbele ya safu ambayo kila aliyesimama humo alitoa shilingi zake kwa ajili yake. Tulipomkalisha faragha ndipo aliposema kuwa tangu mihula ya mwanzo alijua hakuumbiwa kazi ile, kwamba alitamani kuwa mwalimu wa hesabu, na kwamba alinyamaza kwa sababu tungemwita msaliti. Naam, tungemwita.

Miaka ya chuo ndiyo mara ya kwanza kwa wengi wao kuamka alfajiri bila ya kuamshwa na mama, na kulala bweni moja na asiye wa dini yao, akawauliza kwa nini wanaswali. Hapo hubainika lipi kijana alilifanya kwa imani, na lipi kwa kuogopa bakora ya ustadhi. (Bakora hiyo nasi tumeishika.) Na udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini. Huo si muda mdogo wa kubeba matakwa ya mtu mwingine.

Wako watakaosema mzazi ana haki ya kutiiwa. Ni kweli, wala hatumpi kijana ruhusa ya kuacha swala kwa kisingizio cha kujitafuta. Wala hatuwaungi mkono wanaouleta ule msemo maarufu wa kuijua nafsi na kumjua Mola, wakiunasibisha na Mtume (s.a.w.), Imam an-Nawawi alikwisha kubainisha kuwa haukuthibiti. Yatosha aya ya 19 ya Suratul Hashr, inayoonya kuwa anayemsahau Allah huishia kuisahau nafsi yake. Lakini katika haki zote za mzazi, ni ipi inayompa kumchagulia mwanawe kozi asiyoiweza?

Zisomeni habari za Sibawayhi. Alikuwa Basra akitafuta hadithi na fiqhi. Imepokewa kuwa siku moja, mbele ya Hammad bin Salama, alisoma "Abu" pahali pa "Aba" katika jina la Abud-Dardaa, akakosolewa. Kwa aibu ile aliazimia kuitafuta nahau, akamfuata al-Khalil bin Ahmad. Kitabu alichokiacha, wenye nahau hadi leo hukiita al-Kitab tu, na kila mmoja akajua ni kipi. Je, lau nyuma yake ingekuwapo kamati inayomdai mchango wake wa fiqhi?

Basi kamati zetu, kabla ya kupitisha kapu la mchango, zimuulize kijana peke yake, baba yake asiwepo. Na zimwambie mbele ya jamaa kuwa akibadili kozi hadaiwi kitu.

Kijana wetu alipoteza miaka 2. Leo anafundisha hesabu sekondari, na Jumamosi huja kusomesha mirathi madrasani. Bado wako wanaomwita "yule aliyetuangusha", naye huwasikia, akiwa safu ya nyuma.