Kitu kimoja, kodi mara ngapi?

Mutu wa mine anapokea mushahara wakati kodi ya mushahara imekwisha kutoshwa. Kwa ile inayobakia ananunua, na sehemu kubwa ya vile ananunua inatoka inje: bunga, mafuta na sabuni ya Zambia, telefone ao nguo zinazokomandwa ku intaneti, China ao Dubai. Si aibu. Muji huu unakula vya ng'ambo tangu reli ya kusini ilipofika hapa mu 1910. Na hatusemi kitu cha inje kiingie bure. Tunauliza tu kinalipa mara ngapi mbele kifike Katuba ao Ruashi.

Tuseme mama anayenunua tele moja mu duka ya Kitwe. Mule mu bei kuko tayari TVA ya Zambia, 16 ku 100. Kasumbalesa, DGDA inahesabu kwanza kodi ya kuingiza, kisha TVA yetu, nayo 16 ku 100, tena juu ya bei pamoja na ile kodi ya kwanza. Kawaida kitu kikitoka inchi moja kwenda ingine, TVA ya kule inapashwa kutoshwa. Lakini kuitosha kunaomba karatasi za kuuza inje. Mwenye makontena anazo. Mama wa tele moja hana, basi yeye mudogo njo analipa mbili.

Mu Marekani, mutu akinunua kitu mu jimbo lingine, jimbo lake linamudai kodi ya kukitumia kwake. Tangu 2018, korti kubwa yao imeruhusu majimbo kuomba wauzaji wa intaneti waikusanye wao wenyewe, hata kama hawana duka mule. Watu hawaipendi, sawa vile sisi. Lakini karibu kila jimbo linatosha kwanza ile mutu amekwisha kulipa kule, na anamalizia tu tofauti. Hesabu ile tunaitamani, kodi yenyewe hapana!

Kwetu kuko shida ingine. Dekre namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu huduma ine tu ku mipaka: duane, OCC, DGM na usafi. Mwenye kupita Kasumbalesa ahesabu mwenyewe ni meza ngapi zilimungoja. Kisha akipakia mizigo kwenda Kolwezi, anaingia provinsi ingine, sababu Katanga ilikatwa ine mu 2015. Kwa mawazo yetu, duane ikilipwa imelipwa kwa inchi muzima. Mupaka wa Haut-Katanga na Lualaba usigeuke Kasumbalesa ya pili.

Na grupaje? Mutu wa grupaje anakuambia bei ya kilo moja, anaongeza: «Duane iko ndani, usiogope.» Unalipa, unachukua telefone yako, karatasi hakuna. Makuta ya duane umetoa, hilo ni hakika. Kama yalifika ku banki ya Serkali, nani atakuonyesha? Katiba, artikle 175, inasema 40 ku 100 ya mapato ya inchi ni ya provinsi. Ile isiyoingia ku banki haina 40 yake. Barabara ya mbele ya nyumba yako imepoteza kitu mule, na wewe ulilipa.

Basi tunaomba DGDA ibandike Kasumbalesa na Luano, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kodi za vitu vidogo vya nyumba, ili mama asome mbele ya kufungua mufuko. Tunaomba wale wa grupaje waandike duane mbali na usafiri ku faktire yao. Wabunge wa provinsi, wakiwa na bajeti mikononi, waulize serkali ya provinsi: barabara ya Kolwezi iko na bariere ngapi, na kila moja inakusanya kwa sheria gani? Jibu lao tutalichapa hapa.