Risala ya Wafanyakazi wa Nyumbani wa Mji wa Kakamega

Kwa Mheshimiwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Kakamega, kwa Afisa wa Kazi wa Kaunti, na kwa waajiri wetu wote.

Waheshimiwa,

Sisi mayaya na wafanyakazi wa nyumbani wa Amalemba, Milimani, Lurambi, Shirere na mitaa mingine ya mji huu tunawaletea malalamiko na madai yetu. Wengi wetu tumetoka Malava, Shinyalu, Khwisero na Navakholo. Tumeajiriwa na walimu, wauguzi, maafisa wa polisi, wafanyabiashara na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Tunalea watoto wao, na watoto hao tunawapenda. Tunalisema hili mapema ili asiwepo atakayedhani tumeandika kwa chuki.

Lalamiko letu la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba siku yetu ya kazi haina mwisho. Saa kumi na nusu alfajiri tuko jikoni, maana gari la shule halimngoji mtu, na mtoto lazima awe ameoga, amekunywa chai na amefungiwa chakula chake cha mchana. Akishaondoka, ni vyombo, ni kupiga deki, ni kufua kwa mkono na kuanua nguo mbiombio kabla ya mvua ya alasiri, ambayo hapa kwetu haikawii. Muda huo wote mtoto mchanga yuko mgongoni. Jioni ni kusonga ugali, kusimamia kazi za shule na kupiga pasi sare za kesho. Hata hapo bado hatujalala. Wengi wetu hatuna chumba. Godoro letu hutandikwa sebuleni, na haliwezi kutandikwa mpaka mtu wa mwisho azime televisheni. Baba akitazama mpira hadi saa sita, nasi tuko jikoni hadi saa sita, tunasinzia juu ya kigoda. Mtoto akilia saa nane usiku, anayeamka ni yaya.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Hakuna mahali sheria hiyo iliposema kwamba anayelala kwa mwajiri wake ameachwa nje. Lakini wapo kati yetu ambao mapumziko yao ni Jumapili kuanzia ibada inapoisha hadi saa kumi, na kabla ya kutoka lazima wawe wamepika chakula cha mchana. Ikifika Desemba familia husafiri, nasi tunaambiwa twende nyumbani. Mshahara wa wiki hizo hatuuoni.

Tunadai siku moja kamili kila wiki, ijulikane mapema. Usiku nao uwe na saa ya kumaliza kazi, na pawe na mahali pa kulala penye mlango unaofungwa kwa ndani. Jambo hilo la mlango tunaliomba kwa uzito wa pekee. Wapo wenzetu walioshikwashikwa au kunajisiwa katika nyumba walimoajiriwa, wakanyamaza kwa kuwa kusema ni kupoteza kazi na makao usiku huohuo. Kifungu cha 6 cha sheria hiyohiyo kinakataza mwajiri kumdhulumu mfanyakazi kimapenzi. Tunaomba dawati la jinsia la polisi lipokee kesi ya yaya kama inavyopokewa ya mwanamke mwingine yeyote, bila kumuuliza kwanza kama ameiba.

La pili ni maandishi. Kifungu cha 9 kinataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa, na mwenye jukumu la kuuandaa ni mwajiri. Kazi zetu huanza kwa simu: unajua kupika, una mtoto mdogo, njoo kesho. Tuliitiwa mtoto mmoja. Mwezi wa pili tunakuta wamekuwa watatu, na wageni, na nguo za shemeji, na mwisho wa wiki kupalilia mahindi kijijini kwa mwajiri. Glasi ikivunjika, inakatwa kwenye mshahara, ingawa kifungu cha 19 kinaruhusu kukata fidia pale tu mfanyakazi alipofanya kusudi. Siku ya kufukuzwa, mizigo inawekwa nje jioni, na ule mwezi mmoja wa notisi hakuna anayeutaja. Karatasi moja yenye sahihi mbili ingemaliza ugomvi mwingi, na ingemlinda mwajiri pia dhidi ya yaya anayetoroka alfajiri na kuacha mtoto peke yake. Hilo hutokea, na hatulitetei.

Kuhusu mshahara, tunataka kusema ukweli wa pande zote mbili. Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 imeweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kuwa zaidi ya shilingi 14,800 kwa mwezi katika miji iliyokuwa manispaa, na Kakamega ni mmojawapo. Wapo kati yetu wanaolipwa elfu tano, na wengine elfu nne. Mwajiri mwenye uwezo anayelipa elfu tano anavunja sheria, na tunataka Afisa wa Kazi amfikie nyumbani kwake, maana sisi hatuwezi kupata ruhusa ya kwenda ofisini siku ya kazi.

Lakini tunawafahamu pia waajiri wasio na kitu. Mwalimu mwanagenzi wa sekondari msingi, ambaye posho yake ilikuwa shilingi 20,000 kabla ya makato, atatoa wapi 14,800? Huyo naye ana mtoto, na hawezi kumwacha kwa jirani kila siku. Hapa, Mheshimiwa Gavana, ndipo tunapogeukia kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja huduma za malezi ya watoto kuwa kazi ya serikali ya kaunti, pamoja na elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Tunadai vituo vya malezi vya umma karibu na soko, karibu na hospitali kuu ya kaunti na katika mitaa ya wapangaji, ambako mzazi wa kipato kidogo atalipia kidogo. Waajirini humo wenzetu walio tayari kujifunza, na muwafundishe huduma ya kwanza na malezi katika vyuo vyenu. Mzigo ambao familia moja haiuwezi, kaunti iubebe pamoja nayo.

Vituo hivyo vitatufaa na sisi. Watoto wetu wako kwa nyanya zao vijijini. Mama anayemlisha uji mtoto wa mwajiri kwa kijiko hapa Milimani, wa kwake yuko Malava, na habari za homa yake anazipata kwa simu, ikiwa hajanyang'anywa simu hiyo. Akishika mimba, anaondolewa kabla tumbo halijaonekana, wakati kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira kinampa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili.

Tunakataa pia kuajiriwa kwa watoto. Msichana wa miaka kumi na miwili aliyekosa karo hapaswi kuletwa mjini kulea mtoto wa mwingine. Sheria haimruhusu kufanya kazi yoyote. Wazee wa mitaa wanazijua nyumba zinazoajiri watoto. Na mawakala wanaotuuza kutoka nyumba hadi nyumba, wakichukua mshahara wetu wa mwezi wa kwanza, wakaguliwe leseni zao.

Mkataba nambari 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011, umewatambua wafanyakazi wa nyumbani kuwa wafanyakazi kama wengine. Chama chetu cha wafanyakazi, KUDHEIHA, kipo, na tunaomba asitishwe yeyote atakayejiunga nacho.

Kwako mwajiri unayesoma au kusomewa risala hii: usingoje serikali. Jumapili hii keti na yaya wako mezani, andikeni kazi zake, mshahara wake, siku yake ya mapumziko na saa yake ya kulala, kisha nyote wawili mtie sahihi.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Nyumbani, Kakamega